Naogopa kuchanika wakati wa kujifungua, nifanyeje?

Swali: "Shikamoo dada mkunga. Nina miaka 24, naishi Makorora hapa Tanga, mimba yangu ya kwanza ina wiki 33. Shida yangu ni hofu. Shoga yangu alijifungua mwezi uliopita akachanika, akashonwa, anasema alisikia sindano zote, na kila nikienda saluni ni stori hizo hizo. Usingizi sipati. Mama mkwe kaniletea dawa ya kunywa ati njia ilainike. Nawaza nimwambie mume wangu tutafute hela nikapasuliwe tu, maana najua huku hospitali hawatoi dawa ya kuzuia uchungu. Nitachanika? Kuna namna ya kuzuia?"

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika wiki 33.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Ndiyo, inawezekana ukachanika. Sikufichi, kwa sababu ukifichwa leo utakuja kushtukia leba, na leba sio pahala pa kushtukia mambo. Kwa uzazi wa kwanza wanawake wengi sana wanapata mchubuko au kuchanika kidogo, Uingereza wanakoweka hesabu za haya mambo wanasema ni mpaka 9 kati ya 10 wanaozaa kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza. Najua hapo moyo umekupasuka, usiache kusoma. Humo kwenye hao 9 wamo waliochubuka tu ngozi wakapona bila kushonwa hata uzi mmoja, na wamo walioshonwa nyuzi chache wakarudi nyumbani kesho yake wamebeba mtoto. Kuchanika kunakotisha, kule kunakofika kwenye msuli wa njia ya haja kubwa, kwa hesabu hizo hizo ni kama wanawake 6 kati ya 100 kwa mtoto wa kwanza, na kwa aliyewahi kuzaa kawaida inashuka mpaka kama 2 kati ya 100. Sasa kule saluni hawakwambii ni kuchanika kupi, wanasema tu "alichanika", na wewe kichwani unajiwekea kule kubaya zaidi.

Sisi tunahesabu daraja nne. Ya kwanza ni ngozi tu. Ya pili ni ngozi na misuli ya msamba, yaani ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa, na hii ya pili ndo wengi wenye kushonwa wanayo, inashonwa pale pale leba. Ya tatu imegusa msuli unaobana haja kubwa, ya nne imepita mpaka ndani ya utumbo wa mwisho. Hizi mbili ni kazi ya daktari, mara nyingi unapelekwa tiyeta unachomwa ganzi ya mgongo unatengenezwa vizuri, na wengi wao wanapona. Hatari kubwa ya hizi ni zisipoonekana, mtu akashonwa juu juu akarudishwa wadi. Kwa hiyo mtu akikukagua kwa makini baada ya kuzaa, pamoja na kupima kwa kidole njia ya haja kubwa, usimchukie, anakutafutia uzima wako.

Kuhusu kupasuliwa. Operesheni inaokoa maisha pale inapohitajika na wala simwonei haya mwanamke aliyepasuliwa, lakini kwenda kupasuliwa ili ukwepe kuchanika ni kukimbia mchubuko ukakutana na kisu. Wanakata ngozi, mafuta, utando mgumu wa tumbo, mpaka kizazi chenyewe, halafu vyote hivyo vinashonwa, na wewe unatakiwa kuamka kunyonyesha na tumbo hilo. Na kidonda kwenye kizazi hakiishii kwa mtoto huyu, mimba zinazofuata kondo linaweza kujishikiza kwenye lile kovu, au kovu likaachia wakati wa uchungu. Una miaka 24, nadhani unataka watoto wengine. Mimi kwa hali uliyonieleza nisingekushauri, ila kama kuna sababu nyingine mfano mtoto amekaa vibaya, hilo daktari wako atasema.

Halafu hii ya kuzaa bila dawa ya uchungu. Ni kweli hospitali zetu nyingi hazina ile ganzi ya mgongo ya kuzalia, lakini kwa habari ya kuchanika hiyo ganzi isingekulinda. Aliyekufa ganzi mara nyingi hasikii vizuri lini asukume na lini aache, na wanaozaa nayo wanavutwa mtoto kwa vifaa mara nyingi zaidi kuliko wasiokuwa nayo, na kuvuta kwa vifaa ni moja ya sababu kubwa za kuchanika vibaya. Wewe utakuwa unasikia, na kule kusikia ndo kutakuongoza, nitakueleza namna gani.

Kwanza maandalizi ya nyumbani maana una muda bado. Kuanzia wiki ya 34 au 35 unaweza kuanza kuukanda msamba. Hii sio mambo ya mtandaoni tu, imefanyiwa utafiti, kwa wanaozaa mara ya kwanza inapunguza uwezekano wa kuchanika kwa kushonwa na pia wa kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba kwa mkasi. Haipunguzi kwa kiasi cha ajabu, ila inapunguza. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, usifanye kila siku ukadhani ndo utafunguka zaidi. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, ukoge maji ya vuguvugu, kaa nusu umeegemea mito kitandani magoti umeyaachia. Chukua mafuta ya nazi safi, sisi Tanga hatuna shida ya nazi, lakini yawe safi kweli, yasiwe ya kwenye kopo la kupikia linalochovywa vijiko. Ingiza dole gumba moja au mawili kama sentimita 3 hivi, ukandamize kwa chini kuelekea njia ya haja kubwa na pembeni, juu kwenye tundu la mkojo usiguse. Utafika mahali unasikia inavuta na inaunguza kidogo. Hapo hapo simama, usitoe, shikilia kama dakika moja huku unatoa pumzi ndefu kwa mdomo na kulegeza mapaja, na taya pia ulegeze, maana ukibana meno na huku chini unabana, jaribu sasa hivi ulipokaa utaona. Halafu peleka vidole taratibu upande huu na upande ule. Dakika 5 mpaka 10 basi. Tumbo likikuzuia kufika mumeo anaweza kukusaidia kama mnaelewana kwenye hilo, wengine wanaona haya na sio lazima.

Mimi kinachonifanya nilipende zoezi hili zaidi ni ile dakika moja ya kushikilia. Unajifunza kukutana na ule moto na kulegea badala ya kubana, ukiwa kwenye kitanda chako, hakuna anayekupigia kelele. Siku yenyewe ikifika mwili unakuwa umeshaonja.

Usifanye kama una fangasi au uchafu wenye harufu (tibu kwanza), kama unatokwa damu, kama uliambiwa kondo la nyuma limekaa chini, au chupa imeshapasuka.

Dawa ya mama mkwe. Najua huku kwetu mama mkwe hajibiwi, na mimi sikwambii umjibu. Mwambie ahsante mama, ipokee, iweke, usinywe. Dawa nyingi za aina hiyo zinaufanya mfuko wa uzazi ubane kwa nguvu bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, kizazi kinaweza hata kupasuka, na hata lisipotokea lote hilo mtoto anatoka kwa kasi, na kasi ndo inayochana. Yaani umepewa dawa ya kukuepusha na kitu ambacho yenyewe ndo inakileta! Kama hali nyumbani ni ngumu sema nesi wa kliniki amekataza, nibebeshe mimi hiyo lawama. Na ukiwa umekunywa tayari hata funda moja, useme ukifika leba, hatukuulizi ili tukuseme, tunauliza ili tujue tunachopambana nacho. Bamia na mlenda kula, ni mboga nzuri, ila haziendi kulainisha njia. Na wanaokwambia usile ushibe ili mtoto awe mdogo usiwasikilize, utaishiwa damu halafu hata huo mchubuko utachelewa kupona.

Tuje leba sasa, kwenye kazi yenyewe.

Kuchanika kunatokea dakika za mwisho kabisa. Saa zote zile za uchungu, kutembea, kushika ukuta, kumlaani mume, hakuna kinachochanika huko, mlango wa kizazi unafunguka wenyewe mpaka sentimita 10. Kitu kimoja tu huko: usisukume kabla hujaambiwa njia imefunguka yote, unauvimbisha mlango na unamaliza nguvu. Ikifunguka yote na msukumo ukaja wenyewe, sukuma unavyosikia mwili unataka. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 linasema mama afuate msukumo wake mwenyewe, zile za funga mdomo bana pumzi sukuma mpaka uone nyota hazina faida yoyote ya maana. Na wamesema wazi mtu asikukandamize tumbo kwa juu kumshusha mtoto. Akitaka kufanya hivyo sema hapana.

Mkao. Ukiweza usizae umelala chali miguu juu. Kulala ubavu wa kushoto, mguu wa juu umeshikiliwa, kunapunguza kasi na msamba hauvutwi sana, kupiga magoti na kuinamia kitanda pia ni kuzuri. Vituo vingine vitakubali, vingine vina kitanda kimoja na mazoea ya miaka mingi, wewe uliza mapema kliniki sio siku ile. Uliza pia kama wanaruhusu msindikizaji. Mkoani Kigoma walijaribu kuruhusu wasindikizaji kwenye vituo kadhaa kuanzia 2016 na ilifanya kazi, kwa hiyo mtu asikwambie Tanzania haiwezekani, shida kubwa ni nafasi na pazia kati ya vitanda. Ukipata ruhusa mchague mtu asiyeogopa. Sio yule shoga yako, mpende lakini mwache nyumbani.

Sasa kichwa kinaanza kuonekana. Mwanzo kinakuja na uchungu kinarudi ndani uchungu ukiisha, kinakuja kinarudi, na wazazi wengi hapo wanakata tamaa wanadhani hakuna kinachoendelea. Kule kurudi ni rehema, kila kikija kinavuta ngozi kidogo, kikirudi ngozi inapumzika damu inapita. Usikikimbilie. Halafu kinafika mahali hakirudi tena, utosi umekaa pale, na hapo ndo utasikia unawaka moto pande zote. Wote wanasema neno hilo hilo, nawaka. Ukisikia hivyo ujue umefika, na hiyo ndo ishara yako ya KUACHA kusukuma kwa nguvu. Woga wote ulionao utakwambia sukuma umalize, au utakwambia panda juu ukimbie kitanda uinue makalio. Usifanye yote mawili. Makalio yabaki kitandani, mdomo wazi, hema pumzi fupi fupi hah hah hah, acha mfuko wa uzazi wenyewe usukume, una nguvu za kutosha. Ukiambiwa kidogo, unasukuma kidogo kama unasafisha koo. Umewahi kuvaa bangili ya kubana? Ukilazimisha unajichubua kiganja, ukilegeza mkono ukaizungusha taratibu inapita. Ndo hivyo hivyo. Kichwa kikitoka kwa uchungu mmoja miwili zaidi badala ya kwa mpigo mmoja, umejisaidia kuliko mafuta yote ya nazi ya Pangani.

Mkunga naye ana kazi yake hapo. Mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto kukizuia kisiruke, mkono mwingine na kitambaa umeshikilia msamba, na kama kuna maji ya moto kiasi, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa kikiwekwa pale msamba wakati wa kusukuma kinapunguza kuchanika kule kubaya, daraja la tatu na la nne. Ni kitu rahisi mno, unaweza kubeba chupa ya chai ya maji yako na vitambaa vyako safi, ukamwomba.

Kule kuongezewa njia kwa mkasi, zamani ilikuwa kila mzazi wa kwanza anakatwa, siku hizi mwongozo hautaki hivyo. Inafanywa kwa sababu, mfano mapigo ya mtoto yanashuka na anatakiwa atoke haraka, na uambiwe kwanza, na uchomwe ganzi.

Nimekuja kwenye lile lililonichoma zaidi kwenye ujumbe wako, shoga yako kusikia sindano zote. Hilo halikutakiwa litokee, mdogo wangu, na sitaki uende leba ukidhani ndo kawaida. Kuzaa bila dawa sio kushonwa bila dawa. Ganzi ya kushonea ipo, inachomwa pembeni ya kidonda, inabana sekunde kadhaa kama inaunguza, kisha inasubiriwa dakika mbili tatu ikolee, halafu anajaribu kwa kubana kidogo, unasikia? Ukisikia maumivu sema nasikia, aongeze. Kusikia unaguswa guswa na uzi unavutwa ni sawa, kusikia ncha ya sindano sio sawa. Wakati mwingine ganzi imechomwa ila mtu hakusubiri, kwa haraka, wazazi wengine wamejaa, naelewa kazi yetu ilivyo lakini bado mwanamke hatakiwi kuumizwa kwa sababu ya haraka. Na hayo ya kupigwa makofi mapajani na matusi, mtu yeyote asikwambie ni sehemu ya kuzaa. Nyuzi zenyewe zinayeyuka, hakuna siku ya kutolewa. Muombe akupe mtoto kifuani wakati anakushona, utashangaa dakika zinavyopita.

Wengi wananiambia hata hawakujua lini walichanika. Walisikia moto, wakasikia mtoto ametoka, wakaambiwa baadaye.

Nyumbani baadaye: mkojo wa mwanzo utawasha, jimwagie maji ya vuguvugu kwa kikombe huku unakojoa. Pedi badilisha kila baada ya saa chache, safisha kutoka mbele kwenda nyuma. Kukaa kwenye beseni la vuguvugu ni sawa, chumvi kidogo haina ubaya ila sio yenyewe inayoponyesha. Dettol hapana, majivu na majani hapana. Na wale watakaokuja kukukanda kwa maji ya moto, wakukande mgongo ukipenda, kidonda wasikiguse, maji ya moto yanaunguza ngozi mpya na nyuzi zinaachia. Parasetamo au ibuprofeni unaweza kumeza unanyonyesha, ila ibuprofeni uliza kwanza kama una presha au vidonda vya tumbo. Choo kisiwe kigumu, mapapai, matembele, machungwa ya Muheza na nyama zake sio juisi tu, na maji mengi. Uji wa pilipili manga kunywa, lakini usiwe chakula peke yake. Tendo la ndoa subiri arobaini iishe na kidonda kiwe kimepona na wewe mwenyewe uwe tayari, mumeo akisoma hapa amenisikia.

Wengi wiki ya pili mpaka ya nne wanakaa bila shida. Rudi hospitali haraka ukiona usaha au harufu mbaya, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ukijikuta huwezi kuzuia upepo au choo, au mkojo unatiririka wenyewe. Hilo la mwisho wanawake wanalificha kwa aibu miaka na miaka, na linatibika.

Nirudi kwenye hofu. Hofu kidogo kila mzazi anayo. Ila hofu ya kukosa usingizi wiki nzima inahitaji kushughulikiwa kama presha inavyoshughulikiwa. Saluni hamia nyingine kwa sasa, au suka nyumbani. Ukisikia stori inaanza, sema kabisa jamani mimi nina mimba msinisimulie, hawatakuchukia. Omba kliniki wakuonyeshe leba kabla, ukakione kile kitanda na ile taa, ukasikie na watoto wanavyolia, maana akili ikikosa picha inajichorea ya kwake. Usiku ukishindwa kulala fanya zile pumzi za taya wazi, mwenye nyiradi zake azivute na pumzi hizo hizo, nimewaona wengi humu Tanga wanaozaa na Hasbunallah mdomoni na taya imelegea kabisa. Na kama kuna jambo nyuma ya hofu hii, uliwahi kuumizwa au kuingiliwa kwa nguvu, au ulikeketwa, mwambie mkunga mmoja unayemwamini kabla ya siku. Makovu ya kukeketwa yanabadilisha namna tunavyokuzalisha, ni lazima tujue. Wiki mbili zikipita usingizi bado hakuna na unalia lia, omba kuonana na daktari, mwambie hofu ndo inayokuleta.

Kliniki ijayo nenda na mume au wifi, na sema maneno haya haya hata kama sauti inatetemeka: "Naogopa sana kuchanika. Naomba kichwa kikianza kutoka uniongoze nisukume taratibu, na kama nitashonwa naomba ganzi ikolee kwanza." Waandike kwenye kadi. Siku ya uchungu ukipokelewa na mtu mwingine, rudia tena kabla hujapanda kitandani, kwa sababu zamu zinabadilika na aliyekuahidi anaweza kuwa nyumbani kwake amelala.